Mwalimu wa Kizungu wa Dada Devota

Juzi nilinunua turubai la kuanikia mahindi. Nilipolikunjua uani na jua likalipiga, ile harufu ya plastiki mpya ikapanda, nikajikuta nimekaa chini hapo hapo. Binti yangu akaja mbio, akadhani kichwa kinanizunguka. Nikamwambia niache kidogo, mama, sijambo. Nilikuwa nimerudi Mbuba, nina miaka tisa hivi, nimekaa kwenye banda letu la kukamulia ndizi na ungo wa maharage mapajani, na dada yangu Devota anasomeshwa Kizungu.

Ukiwa umeishi Ngara miaka ile ya wakimbizi utanielewa. Hiyo harufu ilikuwa harufu ya wilaya nzima. Vilima vya ng'ambo tulivyovijua vya kijani viligeuka bluu kwa turubai, na moshi wake ulianza alfajiri ukakaa hadi jioni. Sikujua kwamba watu wanaweza kuwa wengi namna ile. Walisema maneno yaliyokaribiana sana na Kihangaza chetu, tukaelewana, halafu katikati ya sentensi likatokea neno moja geni, na mimi nikapotea. Mashirika yalileta mahindi ya njano, yakaleta turubai, yakaleta Wazungu waliopita na magari meupe wakitimua vumbi. Turubai zikabadilishwa kwa ndizi, na hivyo ndivyo banda letu lilivyopata paa jipya.

Sasa, Dada Devota. Alikuwa mkubwa wetu, mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kung'ata ncha ya kitambaa chake cha kichwa akifikiri. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na alitaka kitu kimoja tu hapa duniani: kuwa mwalimu. Chuo cha ualimu cha misheni kilikuwa na mtihani wake wa kuingilia. Hesabu alipata. Maarifa alipata. Sehemu ya Kiingereza ikamwangusha. Waliruhusu mtu kurudia mara moja, basi. Akianguka tena, mambo yalikuwa yamekwisha pangwa: angekwenda Mugoma kwa shangazi yetu kukaa dukani. Shangazi hakuwa mtu mbaya, ila Devota akisikia neno Mugoma alikuwa anaacha chakula.

Baba aliumia kuliko yeye. Alikuwa amekwisha watangazia Mbuba nzima kwamba binti yake anakwenda kuwa mwalimu, na Baba akitangaza jambo, limetangazwa. Hakuwa amesoma zaidi ya darasa la pili. Kwake yeye dunia ilikuwa na lugha zetu, ikawa na Kiswahili cha ofisini na sokoni, halafu huko mbele ikawa na Kizungu. Kimoja. Wazungu wote wanaongea Kizungu, si ndiyo maana wakaitwa Wazungu? Hakuna aliyewahi kumpa sababu ya kufikiri vinginevyo.

Siku moja akaenda kwenye soko la karibu na kambi, akaulizia mwalimu anayejua Kizungu. Akaonyeshwa Mwalimu Gaspari. Baba akamwuliza kwa Kihangaza, unakijua Kizungu? Yule bwana akajibu kwa lugha ya kwao kwamba anakijua, amekifundisha miaka mingi. Wote wawili walisema kweli tupu. Ndiyo maana mpaka leo sijapata wa kumlaumu.

Baba alimleta nyumbani siku ile ile. Alikuwa mtu mwembamba, koti limemzidi mabega, viatu vimefungwa kwa kamba ya mkonge, lakini nywele amezichana vizuri na anatembea kama mtu anayeelekea darasani. Nikapiga goti, "Shikamoo, Mwalimu." Akanitazama kwa upole, naye akanijibu, "Shikamoo." Loo! Nilikimbilia jikoni kumwuliza Mama kama mtu mzima anaweza kumwamkia mtoto. Mama akasema nikoleze moto.

Nje wakati huo jambo kubwa lilikuwa linatendeka. Baba alikuwa ametoa kibuyu cha pombe ya ndizi na mirija miwili. Ngoja niwaeleze wasiotoka kwetu. Mkishanyonya kibuyu kimoja wewe na mtu, tena mbele ya mji wako, mmekwisha patana. Hakuna kuandikishana, hakuna shahidi. Humrudishi mtu huyo wala humwambii mbele za watu kwamba hafai, kwa sababu utakuwa umejivua nguo wewe mwenyewe. Walipatana kwamba Mwalimu atakuja alasiri, siku ambazo hakuna mgao kambini, na akiondoka ataondoka na mkungu, au maharage, au mihogo, kwa ajili ya mke wake na watoto waliokuwa chini ya turubai kule. Wakanyonya. Baba akapangusa midomo, akamwita Devota aje na kitabu.

Naikumbuka sura ya dada yangu. Alifungua kitabu chake cha Kiingereza, kile chenye jalada lililoshonwa kwa uzi. Mwalimu akakishika kwa mikono miwili. Akatazama ukurasa wa kwanza muda mrefu, akafunua wa pili, akarudi wa kwanza. Akasema neno fulani kwa sauti ya chini. Devota akainua macho. Naye akasema neno fulani. Wakatazamana. Kisha wote wawili, kama waliovutwa kwa kamba moja, wakamgeukia Baba aliyekuwa ameegemea nguzo ya banda na uso unaong'aa kwa furaha kama aliyepata mjukuu.

"Naam," Baba akasema, "endeleeni tu, msiangalie mimi."

Mwalimu akakohoa, akaanza kusoma. Alisoma kwa sauti nzuri ajabu, ya puani kidogo, inayopanda na kushuka. Baba akafumba macho asikilize. Dada Devota akang'ata kitambaa. Mimi nikajua hapo kwamba kuna kitu, ila kitu gani, sikujua.

Wiki zilizofuata ndizo zilizonivuruga kabisa. Mimi kazi yangu ilikuwa kuchambua maharage pale pale bandani, kwa hiyo niliona yote. Ubao ulikuwa mlango wa zamani wa zizi la mbuzi, na chaki zilikuwa vipande vya muhogo mkavu. Baba akiwepo, Mwalimu alisimama mbele ya mlango ule na chaki, Devota kaketi kwenye kigogo. Baba akiondoka kwenda shambani, Mwalimu alimpa Devota chaki, akaenda kuketi kwenye kigogo yeye. Mtu mzima! Anaketi, anaunganisha magoti, anasikiliza. Devota anaandika, anasoma, naye anarudia. Akikosea anajipiga kofi la paja. Baba akisikika anarudi, maana alikuwa na mazoea ya kuimba nyimbo za kanisani njia nzima, hao wanabadilishana mahali bila neno, chaki inarudi kwa mwenye koti.

Nilimwuliza Mama, "Kwani mwalimu ni yupi?"

"Mwalimu ni mwalimu," Mama akajibu. "Umeshamaliza maharage?"

Nilijaribu kujipatia jibu mwenyewe. Kulikuwa na sauti za aina mbili katika Kizungu kile, hilo nililisikia. Nyingine ilikuwa ya Mwalimu, ya puani, na nyingine ya Devota, ya meno. Nikaamua kwamba moja ni ya kutumia na wakubwa na nyingine na rika lako, sawasawa na salamu zetu. Nikazikariri zote mbili. Ndipo mwalimu wetu wa darasa la tatu alipouliza nani anaweza kusalimia kwa Kiingereza, nikanyoosha mkono mpaka bega likauma. Kwa kuwa yeye ni mkubwa, nikachagua ile ya puani, nikaitoa yote kwa madaha. Akanitazama. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaniuliza, "Wewe mtoto, hayo umeyaokota wapi?" Darasa likaangua kicheko, na tangu siku ile wakaniita Padri Mfaransa, jina ambalo sikulielewa, ila lilinifuata mpaka darasa la saba. Nilirudi nyumbani nikiwa na uhakika wa jambo moja: mwalimu wetu wa darasa la tatu hakijui Kizungu vizuri.

Lakini nisimfanye Mwalimu Gaspari kichekesho, maana sicho alichokuwa. Kazi aliifanya. Devota alikuwa na ugonjwa wa wanafunzi wengi wa kwetu, wa kukariri. Angeweza kukutamkia ukurasa mzima wa Kiingereza bila kupepesa, na asijue ndani yake nani kamfanya nani nini. Sasa Mwalimu, ambaye Kiingereza hakijui hata kidogo, alikuwa anamwambia: soma hiyo habari, halafu niambie kwa lugha yetu kimetokea nini. Devota anaeleza. Mwalimu anasikiliza amefumba jicho moja.

Nakumbuka habari ya bwana mmoja na treni. Devota alisoma, akaeleza kwamba bwana huyo alitoka nyumbani na mzigo, treni ikamfukuza, akalia, akarudi kulala.

"Hapana," Mwalimu akasema. "Treni haifukuzi mtu. Ina njia yake. Rudia."

Akarudia. Sasa bwana akawa anaendesha treni.

"Na mzigo wake kampa nani? Mwenye treni hatoki nyumbani na mzigo kichwani. Rudia, binti."

Siku hiyo walirudia mpaka Devota akatupa kitambaa chini, akalia kwa hasira. Alisema kwa sauti, nami nilimsikia, "Sasa wewe unanikosoa nini, na hukijui?" Nikashtuka, ungo ukainama, maharage yakamwagika. Mwalimu hakukasirika. Aliokota maharage pamoja nami, akasema polepole, "Kukijua sikijui. Lakini watu nawajua. Aliyeandika hapo aliandika habari za mtu mwenye akili. Mtafute."

Dada akapangusa macho. Akasoma tena, safari hii kimya, kidole kikitambaa neno kwa neno. Kisha akainua uso taratibu na kusema, "Alichelewa. Treni ilimwacha." Mwalimu akapiga makofi mpaka Mama akachungulia kutoka jikoni kuona kuna nini.

Baada ya hapo mambo yakabadilika. Devota akawa anamtafutia Mwalimu habari ngumu makusudi, amfafanulie, wabishane. Naye Mwalimu akawa anakuja na maneno aliyoyaokota kwenye zahanati ya kambini, kwa wale wauguzi wa magari meupe, anamwuliza Devota, hili ni nini, na hili je? Nilikuja kufahamu baadaye kwamba mashirika yalikuwa yanatafuta wakalimani, na aliyejua Kiingereza alipata kazi na watoto wake wakapata maziwa. Wakati ule mimi niliona tu watu wazima wawili wanaozozana juu ya treni, mmoja akiwa mwalimu Baba akiwepo na mwingine akiwa mwalimu Baba asipokuwepo.

Mtihani ulifanyika Biharamulo. Devota aliondoka asubuhi kwa lori lililokuwa linarudi tupu baada ya kushusha mahindi ya wakimbizi, likampeleka mpaka Nyakanazi, huko akapata gari jingine. Baba alimsindikiza hadi barabarani amebeba kimfuko chake, hataki mtu mwingine akishike. Aliporudi kutoka mtihani, tukimwuliza ilikuwaje, anasema, "Niliulizwa, nikajibu." Mama akaacha kutaja jina la Mugoma mbele yake. Shangazi alikuwa amekwisha tuma salamu kwamba chumba kipo tayari. Dada alikonda siku zile, na Mwalimu alikuja kama kawaida, wakasoma kama kawaida, ingawa hapakuwa tena na cha kusomea.

Matokeo aliyaleta katekista Jumapili baada ya misa. Alikuwa na kawaida ya kuzungukazunguka akitoa habari, akaanza na mvua, akaja kwenye kahawa, Baba akasimama wima, akamwambia, "Sema au nife." Amefaulu, akasema. Kiingereza je? Hicho ndicho alichofanya vizuri kuliko vyote. Dada Devota alikaa chini kwenye nyasi za uwanja wa kanisa na gauni lake la Jumapili. Sijawahi kuona mtu akilia huku anacheka namna ile. Nami nikalia, bila kujua nalia nini.

Baba alipika pombe, akachinja mbuzi, akaita majirani. Mwalimu Gaspari aliwekwa kwenye kiti cha mgongo, pembeni kabisa mwa Baba, na mke wake akakaa na Mama. Alikuwa amekwisha pata kazi ya ukalimani pale zahanati, koti lile lile lakini viatu vipya. Baba akasimama na kibuyu mkononi. Akasema Mbuba ina watu wanaojivunia ng'ombe, na ina watu wanaojivunia kahawa, lakini yeye alitoka kwa miguu yake akaenda kumtafutia mtoto wake mwalimu wa Kizungu, na mwalimu mwenyewe huyu hapa, mtazameni. Watu wakapiga vigelegele. Baba akawa na machozi. Nilikuwa sijawahi kuyaona machozi yake.

Kisha wakamtaka Mwalimu aseme. Alisimama. Alimtazama Baba, akatazama kibuyu. Kisha akaanza kusema Kizungu. Hakusema kile cha puani. Alisema kile cha meno, cha Devota, pole pole, neno baada ya neno, jasho likimtiririka. Wanaokijua pale hadharani walikuwa wawili tu, yeye na dada yangu. Dada aliinamisha kichwa, kitambaa kimejaa mdomoni.

Alipokwisha, Baba akageuka kwa furaha, "Devota, tufasirie! Amesemaje?"

Dada akasimama.

"Amesema anashukuru kwa chakula," akasema. "Na kwamba Baba alifanya kazi kubwa."

Makofi yalipigwa mpaka turubai la banda likatikisika. Mimi nikachanganyikiwa, maana Mwalimu alikuwa amesema maneno mengi kuliko hayo.

Nilikuwa na masikio mazuri na kichwa kitupu, vitu ambavyo ukivipata pamoja unakariri chochote. Ile hotuba iliingia kichwani mwangu yote, kama wimbo. Niliiimba nikienda kisimani. Wenzangu wakaijua, tukawa tunarukia kamba kwa maneno yake, anayekosea anatoka. Baadaye kambi zikafungwa. Watu wakapita barabarani kurudi kwao, siku nyingi, mvua ikinyesha, magodoro vichwani. Baba alisimama kando ya barabara na mkungu wa ndizi mbivu, anatafuta uso mmoja kati ya nyuso zile zote. Alirudi jioni na mkungu wake. Hatukumwona tena Mwalimu Gaspari, wala hatukupata habari zake.

Nikaenda sekondari. Kidato cha pili, alasiri moja, tumepewa habari ya kusoma, watu wanasinzia. Nikawa naburudika kimoyomoyo na ule wimbo wangu wa kamba. Ghafla neno moja likafunguka. Nikashtuka. Likafunguka la pili yake, na la tatu. Nikamwomba mwalimu ruhusa, nikatoka nje, nikausema wote kwa sauti ukutani nyuma ya darasa.

Mwalimu Gaspari alikuwa amesema hivi: Mzee huyu ni mwema, na mimi siwezi kumwambia ukweli kwa lugha anayoijua, kwa maana nimekunywa kibuyu chake. Kwa hiyo nausema kwa lugha hii. Nilikuja hapa najua Kifaransa tu, Kiingereza sikijui. Binti huyu alijua tangu siku ya kwanza, naye hakunifukuza, kwa sababu watoto wangu walikuwa na njaa. Kila neno mnalonisikia nikilisema, yeye ndiye aliyenipa. Yeye ndiye mwalimu. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake.

Nililia sana nyuma ya lile darasa. Nilimlilia Mwalimu, aliyesimama mbele ya umati na kujivua heshima yake mahali ambapo hakuna aliyemwona akifanya hivyo isipokuwa mtu mmoja.

Likizo nilipofika nyumbani nilimkuta Devota naye kaja likizo, nikamkabili. Wakati huo alikuwa anafundisha shule ya msingi huko Biharamulo, ana sauti ya kuamuru na madaftari ya watoto kila kona. Nikamwuliza kwa nini alimficha Baba. Nilidhani angeona haya. Akaendelea kusahihisha.

"Wewe mara ya kwanza nilipoanguka, nani alinifundisha?" akaniuliza.

"Ulijisomea."

"Basi."

Akaenda ukurasa mwingine, akatia alama zake za vyema.

Baba ni mzee sana sasa, macho hayaoni vizuri. Akitembelewa na mgeni hakosi kueleza jinsi alivyotoka kwa miguu kwenda kambini kumtafutia binti yake mwalimu wa Kizungu. Dada Devota akiwepo, mwalimu mkuu mwenye mvi zake, mgeni humgeukia na kuuliza kama ni kweli. Naye hujibu kila mara, bila kutabasamu, "Kweli kabisa. Baba alinitafutia mwalimu." Ukiniuliza kati ya Dada na Mwalimu Gaspari nani alimfundisha mwenzake, hata leo nitakuvuruga tu. Lakini kwa miaka mingi nilimsikia dada akijibu hivyo nikidhani bado anamstahi mzee. Nimechelewa sana kutambua kwamba alikuwa anasema kweli.